Seva ya maziwa inaganda asubuhi, mdstat inasema [UU]. Nianzie wapi?

KaraniWaRungwe, Jumanne jioni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na mnivumilie maana nitaeleza kirefu.

Niko Rungwe, kwenye ushirika wa wafugaji juu kidogo ya Tukuyu. Mimi ni karani wa kupokea maziwa. Kwa kuwa nilisoma kompyuta mwaka mmoja na nusu, seva nayo iko mikononi mwangu. Kuanzia saa 12 na nusu asubuhi watu wanapanga foleni: bodaboda na madumu yao, akina mama na ndoo kichwani, wazee waliopanda kutoka mabondeni kwenye ukungu. Napima kwa laktomita, napima lita, naingiza namba ya mwanachama, risiti inatoka. Malipo ya mwisho wa mwezi yanatoka kwenye namba hizo hizo. Nikipoteza lita mbili za mtu, nimempoteza yeye.

Seva ni kompyuta ya mezani yenye Debian, aina ya Linux. Ina diski mbili za terabaiti 2 kila moja, zimefungwa RAID 1 (kila moja ni nakala ya mwenzake) kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, juu yake mfumo wa mafaili wa ext4, na ndani hifadhidata ya PostgreSQL. Mfumo mzima uko humo humo kwenye md0, yaani diski hizo mbili zikionekana kama moja. UPS ipo na betri yake ni ya mwaka huu. Fundi aliyetufungia alishahama mkoa na namba yake haipatikani.

Tatizo ni hili. Katikati ya foleni skrini inasimama. Kipanya kinatembea lakini programu haijibu. Dakika moja, mbili, siku moja ilifika saba. Kisha kila kitu kinaendelea kama hakuna kilichotokea. Siku nyingine haiachii kabisa mpaka nishikilie kitufe cha kuzimia, na hilo nalifanya moyo ukinidunda. Hii ni wiki ya sita. Jumapili iliyopita ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, iliganda mara tano, tukamaliza kupokea kwa daftari na kalamu. Nakumbuka hata mwezi uliopita kulikuwa na Jumapili moja ya namna hiyo.

Nilichoangalia: /proc/mdstat inasema [2/2] [UU], yaani diski zote mbili zipo kazini. smartctl -H, amri ya kuuliza afya ya diski, inasema PASSED kwa zote mbili. Nafasi imebaki zaidi ya nusu. Kwenye top prosesa inaonekana haina kazi, ila wastani wa mzigo unapanda mpaka 20 na kupita. Nimejaribu kuua programu kwa kill -9, haifi. Kwenye logi nimekuta mstari huu, tena mara nyingi:

INFO: task jbd2/md0-8:412 blocked for more than 120 seconds.

Kinachonichanganya ni kwamba mstari huo umeandikwa 03:40, saa ambayo hapa hakuna mtu. Wa asubuhi, tulipoganda mbele ya watu, siuoni kabisa.

Watu wawili wameniambia nifute kila kitu niweke mfumo upya, na bodi inaelekea huko. Mimi naogopa. Kama ugonjwa uko kwenye chuma, nitakuwa nimetandika shuka safi juu ya godoro lenye kunguni. Nianzie wapi?

---

FundiWaMwanjelwa

Pole sana dada. Mimi nimetengeneza kompyuta Mwanjelwa miaka mingi na kesi kama hizi kwangu mara nyingi zilikuwa umeme. Pawasaplai ikichoka, volti inashuka kidogo diski zinapoanza kufanya kazi kwa nguvu, na kompyuta inaganda bila kuzima. Badilisha pawasaplai kwanza, ni bei ndogo. Chomoa na RAM ufute miguu yake kwa kifutio. Ikishindikana, weka mfumo upya, ni kazi ya siku moja.

Kuna mtu aliwahi pia kuniambia diski za kuzunguka hazipendi miinuko kama ya kwetu, hewa ni nyepesi. Hilo sijalithibitisha, nalileta tu kama linaweza kusaidia.

---

MwalimuWaMafinga

Kamwene wote. Binti, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufuta. Usifute.

Nianze na unayoyaona, maana tayari yanazungumza. Programu isiyokufa kwa kill -9 haikuwa mkaidi. Imeingia ndani ya kerneli, kiini cha Linux, kuomba kitu kutoka kwenye diski na inasubiri jibu, na ikiwa katika hali hiyo haisikii ishara yoyote. Kwenye ps utaiona na herufi D. Linux inazihesabu hizo D kwenye wastani wa mzigo, ndiyo maana mzigo unafika 20 na prosesa imekaa bure: ni watu 20 kwenye foleni ya dirisha ambalo karani wake ameinama hajibu. Huyo jbd2 ndiye mwandishi wa jarida la ext4, daftari lake la mabadiliko. Akikwama yeye, kila anayetaka kuandika anakwama nyuma yake. Kwa hiyo ext4 ni shahidi tu hapa. Tunamtafuta aliye chini yake.

Suala la miinuko tuliondoe. Watengenezaji wengi huandika kwamba diski inafanya kazi mpaka karibu mita 3,000. Mbeya mjini ni kama 1,700, Tukuyu iko chini zaidi. Hata ungeipandisha uwanda wa Kitulo, kwenye 2,600 hivi, bado ungekuwa ndani ya kipimo. Pawasaplai ya ndugu yangu wa Mwanjelwa siipuuzi, inawezekana, ila tupime kabla ya kununua.

Kesho asubuhi fanya hivi. Kabla ya saa 12 fungua terminali mbili, uingie kama root, na uziache wazi. Mfumo wako uko wote juu ya md0, na ikishaganda hata ls inaweza kukwama kwa sababu nayo inasomwa kutoka diski hiyo hiyo. Kwa hiyo amri utakazozitaka ziendeshe mara moja mapema ili ziwe zimeshakaa kwenye RAM. Terminali ya kwanza (iostat ipo kwenye kifurushi cha sysstat, kiweke usiku huu):

iostat -x 5 | tee /dev/shm/asubuhi.txt

Hiyo /dev/shm ni RAM. Ukiandika matokeo kwenye md0 nayo yataganda. Terminali ya pili, ikiganda tu, andika:

echo w > /proc/sysrq-trigger

Kerneli itaorodhesha kila kazi iliyozuiwa na mahali iliposimama. Baadaye isome kwa dmesg. Kisha, ikishatulia, leta smartctl -a ya sda na ya sdb (ndiyo majina ya diski zako mbili) nzima, sio ile ya -H peke yake. Neno PASSED linamaanisha tu kwamba hakuna kipimo kilichovuka kikomo alichokiweka mtengenezaji mwenyewe. Diski inaweza kuwa inakufa na bado ikasema PASSED.

Na uandike date, utuletee inachosema pamoja na saa ya simu yako.

---

KaraniWaRungwe, Jumatano jioni

Shikamoo mwalimu. Nimefanya kama ulivyoelekeza, na leo iliganda saa 1 na dakika 10 asubuhi, watu kumi na saba mbele yangu. Kwa mara ya kwanza sikuogopa, nilikuwa na kitu cha kufanya.

iostat wakati wa kuganda: sda ilikuwa %util 100, yaani imeshikika muda wote, na r_await ikapanda mpaka 11,000 na kitu. Nimesoma kwamba hiyo ni milisekunde, yaani ombi moja la kusoma linachukua sekunde 11. sdb muda huo huo r_await ilikuwa 6 au 7.

Orodha ya sysrq ni ndefu, lakini juu kabisa yupo jbd2 amesimama kwenye jbd2_journal_commit_transaction, na nyuma yake postgres wengi.

Kwenye logi za nyuma kuna mistari ambayo sikuwahi kuitilia maanani, ya wiki mbili zilizopita:

ata1.00: failed command: READ FPDMA QUEUED
ata1: hard resetting link

SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski inajiwekea, yale yaliyonivutia:

sda: Reallocated_Sector_Ct 8, Current_Pending_Sector 48, Offline_Uncorrectable 11, UDMA_CRC_Error_Count 0. Masaa ya kuwashwa 31,204.

sdb: Reallocated 0, Pending 0, Offline_Uncorrectable 0, lakini UDMA_CRC_Error_Count 213.

Hiyo 213 imenishtua. Mwenzangu hapa ofisini anasema ndiyo namba kubwa kuliko zote kwa hiyo mbovu ni sdb, tuichomoe leo. Nimemwomba asubiri jibu lako.

Na date: seva inasema 15:12 UTC, simu inasema saa 12 na dakika 12 jioni.

---

MwalimuWaMafinga

Marahaba. Mwambie mwenzako asiguse sdb. Akiichomoa hiyo, mtabaki na diski mbovu peke yake mkiamini mmeponya.

Hesabu ya CRC inahusu safari ya data kati ya diski na ubao, sio sumaku ya ndani. Mara nyingi ni kebo ya SATA iliyolegea au iliyowahi kulegea. Hesabu hiyo hairudi nyuma milele, hata ukibadilisha kebo. Inaweza kuwa ni jeraha la zamani lililokwisha kupona. Badilisha kebo, andika 213 mahali, angalia baada ya siku tatu. Isipoongezeka, limekwisha.

Mgonjwa ni sda. Sekta 48 (vipande vidogo vya diski, hiyo ndiyo Pending) ni za kusubiri hukumu: diski imejaribu kuzisoma ikashindwa au ikapata shida, na bado haijaamua kuziacha. Hapa ndipo penye kiini chote, naomba usome taratibu.

Diski za kompyuta za mezani zimetengenezwa zikiamini ziko peke yake. Ikikutana na sekta isiyosomeka, inarudia na kurudia, sekunde kumi, ishirini, nyingine zaidi ya dakika, maana inajua hakuna nakala nyingine popote. Diski za kazi ya RAID hujaribu kwa muda mfupi, kwa kawaida sekunde 7, kisha hukiri kushindwa, ili mwenzake aulizwe. Kerneli yenyewe humpa kila mmoja sekunde 30, na ikipita inaanza kumtikisa, ndiyo ile hard resetting link.

Sasa md, ile sehemu ya kerneli inayoendesha RAID. Watu wengi wanadhani md inapima afya ya diski. Haipimi. Inasubiri jibu tu, na saa ya kwake haina. Ikipewa kosa la kusoma, inafanya kazi nzuri sana: inachukua nakala kutoka diski ya pili na kuiandika upya ile sekta mbaya. Lakini sda wako hampi kosa. Anahangaika sekunde 11, sekunde 20, mwisho anafanikiwa kusoma na kurudisha data sahihi. Kwa md hilo ni jibu jema, limechelewa tu. Hakuna cha kurekebisha, hakuna wa kufukuzwa, na [UU] inabaki [UU]. Herufi hizo zinakwambia diski mbili zimo kwenye timu. Hazisemi kama mmoja wao anachechemea.

Utaniuliza kwa nini siku nyingine haigandi. Kwenye RAID 1 kusoma kunagawanywa. md inamchagua mmoja, mara nyingi yule ambaye kichwa chake kiko karibu na data. Ombi la leo likienda sdb, mambo shwari. La kesho kwa data ile ile likienda sda, unasubiri. Kuandika ni tofauti, lazima kufike kwa wote wawili, kwa hiyo sda akiwa ameshikwa kwenye sekta moja mbovu, hata jarida la ext4 linamsubiri.

Hakikisha ata1 ndiyo sda kweli: ls -l /sys/block/sda itaonyesha njia yenye ata1 ndani yake. Kisha niambie smartctl -l scterc, yaani kikomo cha muda ambao diski inahangaika na sekta moja, inasema nini kwa kila moja.

Na sasa saa. Seva yako iko kwenye UTC, sisi tuko saa tatu mbele. 03:40 ya logi ni 06:40 yetu, saa 12 na dakika 40 asubuhi. Mstari uliodhani ni wa usiku ndio huo huo wa foleni ya maziwa. Ulikuwa nao mkononi muda wote.

Na Jumapili yako mbaya: fungua /etc/cron.d/mdadm, faili la ratiba ya kazi zinazojiendesha (cron). Naamini utakuta 57 0 * * 0, na sharti kwamba tarehe isizidi 7. Ni ukaguzi wa Jumapili ya kwanza ya mwezi. md inasoma diski zote mbili mwanzo hadi mwisho na kuzilinganisha. Waliouweka waliupanga usiku wa manane, saa 6 na dakika 57. Kwako, kwa sababu ya UTC, unaanza saa 9 na dakika 57, na kwa terabaiti 2 unachukua saa nne na nusu hata diski zikiwa nzima. Unawakuta wafugaji mlangoni. Na kwa kuwa mnaizima kwa kitufe, ukaguzi unakatika kila mwezi bila kumaliza. Ndio ambao ungewahi kufika kwenye sekta zile na kumlazimisha sda aseme ukweli.

---

KaraniWaRungwe

Mwalimu, nimesoma mara tatu. Mstari wa cron upo, herufi kwa herufi. ata1 ni sda. Na scterc: sdb inasema 70, yaani sekunde 7.0 kwa kusoma na kuandika. sda inajibu kwamba haiungi mkono amri hiyo. Kumbe tulifungiwa diski mbili za namna mbili na sikujua.

Diski mpya itabidi ije kutoka Dar, Kariakoo, na bodi lazima ikae kwanza ndipo hela itoke. Nikiwa na bahati ni wiki moja. Je, kuna namna ya kupita wiki hiyo bila foleni kuganda? Nimesoma mahali kwamba diski isiyo na scterc iongezewe muda wa kerneli kutoka 30 hadi 180.

---

MwalimuWaMafinga

Hiyo 180 ni sahihi kwa shida nyingine. Inazuia diski nzima kufukuzwa kwa sababu ya sekta moja. Kwako ingeongeza tu muda wa kuganda. Usiitumie sasa.

Fanya hivi, ila kwa mpangilio. Kwanza ipime sdb usiku:

smartctl -t long /dev/sdb

Inachukua saa kadhaa. Matokeo utayaona kwa smartctl -l selftest. Isipofaulu, simama, rudi hapa. Ikifaulu, mwambie md asisome tena kwa sda isipokuwa pale asipokuwa na njia:

echo writemostly > /sys/block/md0/md/dev-sda1/state

Kwenye mdstat utaona (W) kando ya sda1. Ataendelea kuandikiwa, kwa hiyo nakala ya pili bado unayo, lakini kusoma kote kunaenda sdb. Sekta mbovu zikiandikwa upya, sda mwenyewe atazihamisha. Baada ya hapo toa pg_dump, yaani nakala ya hifadhidata, iweke kwenye diski ya nje, uipeleke nyumbani. Usifanye dump kabla ya (W), maana itapita kwenye kila sekta mbovu.

---

DadaWaNjombe

Habari zenu. Nimefuatilia toka juzi, sina la kuongeza kwenye aliyoyasema mwalimu, ila kuna jambo limeniuma mwenyewe na sitaki limpate mwingine.

Mwaka juzi nilikuwa na kesi kama hii kwenye seva ya shule moja. Nilijua kwa uhakika kwamba mbovu ni sda. Nikazima, nikafungua kasha, nikachomoa ile iliyokuwa kwenye poti ya kwanza. Ilikuwa nzima. Majina ya sda na sdb hupangwa wakati wa kuwasha, na siku ile yalikuwa yamebadilishana. Nikaanza kujenga upya kutoka kwenye mbovu kwenda kwenye mpya, na kila sekta isiyosomeka haikuwa na pa kuokolewa. Matokeo ya mitihani ya muhula mzima tuliyaingiza tena kwa mkono, mimi na walimu wawili, usiku tatu.

Kwa hiyo dada, kabla hujagusa bisibisi, soma namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number) kwa smartctl -i, iandike kwenye karatasi, kisha uifananishe na stika ya diski yenyewe. Mpaka herufi ya mwisho.

Kama ubao una poti ya tatu ya SATA, usichomoe chochote kwanza. Funga mpya kama ya tatu, kisha:

mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1
mdadm /dev/md0 --replace /dev/sda1 --with /dev/sdc1

Mbovu inabaki kazini mpaka mpya imejaa. Kwa kuwa ina alama ya (W), ujenzi utasoma kutoka sdb. Hakuna dakika ambayo utakuwa na nakala moja tu.

Unapoagiza, mwambie muuzaji unataka CMR, diski ya uandishi wa kawaida, sio SMR. Hizo SMR zinaandika mistari ya data ikipandana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha kigae kimoja inabidi uinue na vya jirani, na kwenye ujenzi wa saa nyingi diski inaanza kusitasita yenyewe. Utakuwa umenunua kuganda kupya. Na ikifika, ipime kwa -t long kabla ya kuitumia. Itakuwa imetikiswa kilomita zaidi ya 800 chini ya basi.

Usisahau grub-install, amri ya kuweka programu ya kuwashia mfumo, kwenye diski mpya. Wengi hukumbuka siku seva inapokataa kuwaka.

---

FundiWaMwanjelwa

Mimi nimejifunza, asanteni. Dada, kebo ya SATA ninazo mpya dukani, nakuwekea mbili kwenye Coaster ya kesho asubuhi, hulipi. Pawasaplai usinunue.

---

KaraniWaRungwe, wiki tano baadaye

Wakuu, nilisema nitarudi na nimerudi.

sdb ilifaulu kipimo kirefu. Niliweka (W) Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi tulipokea maziwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho bila kusimama. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini leo nina haraka. Nilishindwa kumweleza, nikamwambia tu mashine imepata nafuu. Kwa wiki nzima haikuganda hata mara moja. Kebo za kaka wa Mwanjelwa zilifika, nikabadilisha zote mbili, na CRC ya sdb imesimama 213 mpaka leo.

Bodi ilikaa. Niliwasomea maelezo ya mwalimu kuhusu karani aliyeinama dirishani, na hapo ndipo mwenyekiti alipoelewa, akasaini. Diski ilikuja na basi mpaka stendi ya Nane Nane, Mbeya, nikaifuata mwenyewe, nikarudi nayo Tukuyu nimeipakata mapajani, imeviringishwa kwenye kipande cha godoro. Kipimo kirefu kilifaulu. Poti ya tatu ilikuwepo. --replace ilianza saa 10 jioni baada ya tenki la kupozea kuondoka na gari, na nikakaa ofisini na chupa ya chai nikiitazama asilimia ikipanda, ingawa najua kuitazama hakuiharakishi. Saa 3 kasorobo usiku ikakamilika.

Namba ya stika niliisoma kwa sauti, mwenzangu akishika karatasi. Ile tuliyokuwa tumeielekezea kidole mwanzoni, iliyo karibu na feni, ndiyo ilikuwa sdb nzima. Dada wa Njombe, siku hiyo nilikukumbuka sana. Ndaga, asante.

grub-install nimefanya, nikajaribu kuwasha na kila diski peke yake. Saa ya seva nimeiweka Africa/Dar_es_Salaam kwa timedatectl, kisha nikaiwasha cron upya ili nayo ijue. Na kila jioni nina skripti ndogo inayonitumia Pending na Reallocated za diski zote mbili kwenye simu. Sitaki tena kusubiri [UU] inisimulie.

Jumapili hii ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Ukaguzi ulianza saa 6 na dakika 57 usiku na kumaliza saa 11 na dakika 20 alfajiri, mismatch_cnt ni 0, yaani haikuona tofauti kati ya diski. Nilipofika nilikuta umeshaisha, na nje kulikuwa na mvua na watu wanne tu wamejikinga chini ya paa na ndoo zao.

Lililobaki ni diski ya zamani. Ina majina ya wanachama, namba zao za simu na malipo yao ya miaka mitatu na nusu. Nimeiandikia MBOVU kwa kalamu nyekundu na kuifungia kwenye kabati la vitabu vya hesabu. Kuifuta kwa programu siiamini, maana sekta zake nyingine haziandikiki. Kaka wa Mwanjelwa, kama una drili ya chuma, nitakuja nayo Alhamisi, nikiwa naleta hela ya kebo.